Amana Iliyong'arishwa

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja wa Ukunda anasema Maimuna ni mwizi na mimi namficha. Mwingine wa Lunga Lunga ananilaumu kwa kumwacha Mzee Chande ameshika miwani yake mkononi tangu gazeti lililopita, hasemi neno. Tulieni. Leo analisema, na mtatamani angeendelea kunyamaza.

Kwa aliyekosa: tuko Msambweni, ukumbini kwa Maimuna, Jumanne, adhuhuri imeshasaliwa. Maimuna ni mjane ambaye wanawake wa mji humwekea dhahabu zao wakisafiri, au wakiwaogopa waume zao. Hajawahi kupoteza hata kipini cha pua.

Mbele yake ameketi mjane mwenzake, Kanyiva, Mama Kavenya, Mkamba wa kule kwenye mashamba ya skimu. Miaka miwili iliyopita alimwachia Maimuna kisanduku cha sarafu za marehemu mumewe, Mutinda. Leo amekuja kukichukua, na amekuja na mnunuzi, Mzee Chande wa Mombasa, ambaye amekusanya sarafu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Haraka ya nini? Shamba. Mwanzia, shemeji yake Kanyiva, ndiye mwenye jina kwenye shamba analoishi mama huyu, na ameamua kuliuza. Amempa shemeji yake nafasi ya kwanza mpaka Ijumaa. Akishindwa kulinunua, linakwenda kwa mtu wa Diani anayetaka kujenga nyumba za watalii. Na kando ya migomba ya shamba hilo ndipo alipozikwa Mutinda.

Kisanduku kimefunguliwa. Sarafu zinawaka mpaka dari imeingia mwanga. Kanyiva anatabasamu, Maimuna anatabasamu, na Mzee Chande amevua miwani.

"Nani amezitoa kwenye vikasha vyake?" akauliza.

"Ni mimi, mzee wangu," Maimuna akajibu, tena kwa fahari. "Vile vikasha vya plastiki vilikuwa vimeota vumbi, na nyingine zilikwishaanza kuingia weusi pembeni. Nikajiambia, Mama Kavenya aliniletea vitu vya mumewe, hawezi kuja kuvikuta hivi. Nimezisugua mwenyewe, moja moja, kwa ndimu na majivu ya vifuu."

"Zote?"

"Zote. Ndovu wote."

Mzee Chande akaketi. Alikuwa ameketi tangu mwanzo, lakini sasa aliketi kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani na kuambiwa haukuwa wake.

Hao ndovu wana kisa, nami nitakisema mbio mbio. Mutinda alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Mgeni mmoja Mjerumani, kila Desemba alipokuja kukimbia baridi ya kwao, alimletea sarafu moja ya ukumbusho ya fedha safi, imefungwa kwenye kikasha chake na cheti chake. Kila mwaka ndovu mwingine: huyu anakunywa maji, huyu yuko na mtoto wake. Mwaka wake wa mwisho, miguu ikiwa imeshamchoka, akamletea ya dhahabu. Mutinda hakuuza hata moja. Alimwambia mkewe kwamba mshahara unaliwa, na hoteli italeta vijana, lakini hawa ndovu watakuja kuwafaa.

Mzee Chande akachukua mmoja, akamwelekeza dirishani.

"Njoo uone, Bi Maimuna. Uso huu ulikuwa kama kioo. Sasa tazama hapa kwenye anga, juu ya mgongo wa ndovu."

Maimuna akainama. Aliona mistari myembamba inakwenda huku na huku, kama uwanja uliofagiliwa kwa chelewa.

"Hiyo ni mikwaruzo ya majivu," Chande akasema. "Mtu kama mimi hanunui fedha peke yake. Nanunua kwamba tangu siku ilipopigwa mhuri hakuna kidole kilichoigusa. Hicho ndicho kinachopanda bei mwaka hadi mwaka. Sarafu ikishasuguliwa, kimekwisha."

"Lakini imeng'ara zaidi," Maimuna akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Imeng'ara, ndiyo."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Ule weusi ungeuacha. Wengine hata huupenda. Mkwaruzo hauondoki, mama. Ukiuondoa unakwaruza tena."

Kanyiva alikuwa hajaelewa bado. Alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Mzee, sema tu. Bei imeshuka kidogo?"

"Nitazinunua kwa uzito, kama ninavyonunua mikufu iliyokatika. Huyu wa mwaka wa kwanza," akamgusa ndovu mmoja kwa ncha ya kucha, "walipigwa mhuri wachache tu. Nilikuwa nimepanda gari kutoka Mombasa kwa ajili yake. Sasa ni fedha tu."

"Na hiyo shamba?"

"Hawa wote pamoja hawafiki robo ya shamba."

Maimuna akajishika mdomo. Ningetaka kuwaambia kwamba Kanyiva alipiga kelele, kwa kuwa kelele zinauza gazeti, lakini hakupiga. Alisema taratibu, "Sikukuambia usizioshe. Hata sikufikiria ni kitu ya kumwambia mtu."

"Wallahi, Mama Kavenya, nilitaka kukufurahisha."

"Najua."

Hilo "najua" lilimuumiza Maimuna kuliko tusi. Tusi angelijibu.

Mzee Chande akavaa miwani tena. "Nasikia kuna ya dhahabu," akasema.

Wanawake wote wawili wakainua vichwa.

"Ipo," Maimuna akasema haraka. "Hiyo sikuisugua. Dhahabu haiingii weusi, niisugue ya nini?"

"Hata ungeisugua kwa mchanga wa Gazi," Chande akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Dhahabu ile hununuliwa kwa uzito. Imekwaruzwa, haijakwaruzwa, dunia nzima ina bei yake ya leo. Na tangu mwaka aliopewa marehemu, bei imepanda mpaka mimi mwenyewe naona haya kuitaja. Hiyo peke yake, pamoja na hawa ndovu kwa uzito, inakutosha kwa shemeji yako. Tena mimi natoa zaidi kidogo ikiwa ni sarafu nzima na cheti chake."

"Cheti kipo," Kanyiva akasema. Akakitoa kwenye mkoba wake, kimekunjwa ndani ya Biblia ndogo.

Msomaji, vuta pumzi. Mimi nilivuta.

Maimuna alikwenda chumbani mbio, kanga inamdondoka begani. Wakasikia sanduku linafunguliwa. Akarudi na kitambaa cha hariri kilichofungwa fundo. "Niliiweka pamoja na pauni ya bibi yangu mzaa mama," akasema. "Ndani kabisa, mahali ambapo hata mimi mwenyewe huchelewa kupafikia."

Akafungua fundo. Dhahabu ikaonekana.

"Asante Yesu," Kanyiva akasema.

Mzee Chande aliiweka kwenye kiganja, akaipima kwa kuichezesha tu, hata mizani hakuitoa. Uso wake ukajikunja.

"Hii ni pauni, Bi Maimuna. Pauni ya mfalme wa Kiingereza, ya zamani. Ni kama hizi walizokuwa wakivaa bibi zetu."

"Ndiyo, hiyo ndiyo ya bibi. Hiyo nyingine ni kubwa, ina..." Akakitikisa kitambaa. Akakigeuza. Akapapasa mikunjo yake kama mtu anayetafuta sindano.

Hapakuwa na sarafu nyingine.

Sasa naomba nisimame kidogo niwarudishe nyuma, maana Maimuna mwenyewe alirudi nyuma hapo hapo, amesimama na kitambaa mkononi.

Jumamosi iliyopita nyumba hii ilikuwa ya harusi. Binti yake, Hafsa, alikuwa anaolewa na Issa, kijana wa Tanga. Mabibi harusi wa ukoo huu huvaa pauni ya bibi shingoni, na kishikizo cha pauni hiyo kilivunjika zamani. Maimuna alikuwa amezama uani na wapishi wa pilau, macho yamejaa moshi. Alimpigia kelele binti yake kupitia mlangoni: nenda kwenye sanduku, uchukue pauni, umpelekee Abdulwahab sonara akutilie kishikizo kingine.

Hafsa alikuwa hajaiona pauni hiyo tangu utoto. Akafungua kitambaa, akakuta mbili. Moja ndogo, imefifia. Moja kubwa, iko ndani ya kikasha, inawaka kama jua la saa nne. Niambieni nyinyi mliokwishaolewa, mngechukua ipi?

Na siku ya harusi Maimuna alimwona bintiye amekaa juu ya jukwaa, maua ya asumini yamemfunika kifua, kitu kinametameta katikati ya maua. Hakusogea kutazama ni nini. Alikuwa analia.

"Iko kwa Hafsa," akasema sasa. "Mama Kavenya, haijapotea. Iko kwa Hafsa."

"Imetiwa kishikizo?" Chande akauliza.

"Nadhani imetiwa."

"Si neno. Kishikizo tutakikata. Madhali sarafu yenyewe ni nzima, nitainunua. Mpigie."

Simu ya Maimuna ina ugonjwa: haisikiki mpaka uweke sauti ya nje. Kwa hiyo alichosema Hafsa kilisikiwa na wote watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mko salama huko?"

"Salama, alhamdulillahi. Nyinyi je? Shangazi ameshapona mguu?"

"Anaendelea vizuri. Na mumeo hajambo? Na wakwe zako?"

"Hawajambo wote, mama. Wanakusalimu."

Kanyiva alikuwa anagonga goti kwa kidole. Lakini huku kwetu hata nyumba ikiwaka moto, aliyekuja kukwambia atakuuliza kwanza watoto hawajambo.

"Hafsa, ile pauni uliyovaa harusini..."

"Mama, usiseme. Kila mtu aliisifu. Mama Fauzia aliisifu kupita wote." Bi Fauzia ndiye mama yake Issa. "Alisema tangu azaliwe hajaona pauni kubwa vile."

"Aliisifu?"

"Mno. Nikamjibu kama ulivyonifundisha."

Maimuna akafumba macho. "Ulimjibu nini, mwanangu?"

"Nikamwambia, karibu mama, ni yako."

Hapa wa bara mnisamehe, nieleze. Pwani mkubwa wako akisifu kitu ulichovaa, husemi ahsante ukanyamaza, utaonekana mchoyo. Unasema karibu, ni chako. Naye anasema ahsante, kikae pahala pake. Mambo yanaishia hapo, kila mtu kabaki na kitu chake na adabu yake. Maimuna alimfundisha bintiye hivyo tangu akiwa na miaka mitano, na akimpiga kikofi cha mkono akisahau.

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema ahsante," Hafsa akasema. "Akaivua."

Mzee Chande akatazama chini. Kanyiva alikuwa bado anatazama simu, kana kwamba simu itasahihisha.

"Lakini, mama, si kwa ubaya," Hafsa akaendelea, na sauti yake ilikuwa na furaha ya bibi harusi wa siku chache. "Ngoja atakwambia mwenyewe. Tuko naye hapa Tanga mjini, kwa sonara. Ngoja nikupe."

"Hafsa, subiri..."

Simu ilikuwa imeshabadilisha mikono.

"Mzazi mwenzangu," ikasema sauti nzito, yenye asali. "Masalkheri."

"Masalkheri, Bi Fauzia."

"Mwenzangu, umenipa binti, tena binti amelelewa akalelewa. Nilimsifia kidude chake shingoni, mtoto wa watu akanivulia bila kukunja uso. Nililia usiku ule. Nikasema, huyu si mkwe, huyu ni mwanangu. Basi mimi siwezi kukaa na dhahabu ya mwari. Naifanya bangili mbili. Moja ya Hafsa. Ya pili ni yako wewe, uvae mkono wa kulia, ukiitazama unikumbuke."

Chande alikuwa amenyoosha kiganja hewani, anakitikisa: mwambie asubiri. Midomo yake ilitamka bila sauti, *nzima, nzima*.

"Bi Fauzia," Maimuna akasema.

"Naam, mwenzangu. Nisikilize, maana fundi ameshawasha moto na ameshika koleo, anangoja neno lako tu. Hafsa hajui upendavyo. Bapa, au za kusokota?"

Kanyiva alisimama. Alisimama tu, na kile cheti kilichokunjwa kikiwa mkononi.

Maimuna aliliona neno alilotakiwa kulisema. Lilikuwa neno fupi. Simamisha moto, dhahabu si yangu. Na alimwona Hafsa dukani, mkono mmoja kwa mumewe, anageuka. Aliwaona watu wa duka. Binti aliyekuja kwa mumewe amevaa amana ya watu, akaitoa zawadi, na mama yake anaidai kwa simu kabla fungate haijaisha. Hadithi hiyo ingevuka mpaka kabla ya magharibi, na ingezaa wajukuu kabla ya Hafsa.

"Ile pauni, Bi Fauzia..." akaanza.

"Najua unalotaka kusema. Utasema ni nyingi, nisijisumbue. Usinikatalie, mwenzangu. Ukinikatalia utanivunja mbele ya watoto."

Nyuma ya simu ulisikika mvuvumo wa moto wa sonara.

"Za kusokota," Maimuna akasema.

Alijisikia akisema. Hata alijiona amesema kwa upole, kwa ile sauti anayotumia kukaribisha wageni chai.

"Nilijua tu," Bi Fauzia akasema, na akamgeukia fundi. Wakamsikia akimwambia: za kusokota, tia. "Basi Ijumaa baada ya sala tunakuja. Mimi, Issa, na Hafsa. Nakuja kukuvika kwa mkono wangu mwenyewe. Tupikie chochote, tu watu wa nyumbani."

"Ahsante," Maimuna akasema. "Karibuni."

Simu ikakatika.

Mzee Chande ndiye aliyetangulia kujitikisa. Akaanza kurudisha kioo chake cha kukuzia kwenye mfuko wa koti, taratibu, kama mtu anayeondoka msibani.

"Mimi hununua sarafu," akasema. "Bangili sijui bei yake. Muulizeni sonara, na sonara atatoa gharama yake kwanza."

"Dhahabu si ni ile ile?" Maimuna akauliza. "Ulisema wewe, mzee wangu. Kwa uzito."

"Ni ile ile. Ila jana ilikuwa moja, na leo ina mikono miwili. Wa kwako utauvua. Wa mwanao nani atauvua?"

Maimuna aliichukua pauni ya bibi yake, akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya Kanyiva.

"Chukua hii, Mama Kavenya. Chukua sasa hivi. Na hiyo bangili yangu Ijumaa nitakupa. Na nitauza kabati, nitauza..."

"Hiyo ni uzito gani, mzee?" Kanyiva akamuuliza Chande.

"Haifiki robo ya ile kubwa."

Kanyiva akairudisha pauni kwa kidole kimoja. Hakuitupa, aliirudisha vizuri tu mahali ilipotoka. Maimuna akaanza kulia, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

"Mutinda alinikataza kuziweka nyumbani," Kanyiva akasema. "Alisema ndugu zake watakuja siku moja. Alisema tafuta mtu mwaminifu. Kanisani kwetu kulikuwa na watu, sokoni kulikuwa na watu. Mimi ndio nilikuchagua wewe, Mama Hafsa. Hakuna mtu alinituma." Akawa anawarudisha ndovu kwenye kisanduku, mmoja mmoja, akiwashika kingo kama alivyomwona mumewe akifanya. Kazi bure, na alijua ni bure. "Na huyo mama wa Tanga si mtu mbaya. Nimemsikia. Hata msichana si mbaya. Nimetafuta hapa mtu wa kukasirikia, nimekosa."

"Nikasirikie mimi."

"Nitajaribu."

Alifunga kisanduku. Akafika mlangoni, akavaa viatu vyake, kimoja, kisha cha pili. Halafu akageuka.

"Amesema Ijumaa?"

"Ijumaa," Maimuna akasema. "Baada ya sala."

"Mwanzia pia anakuja Ijumaa na huyo mtu wa Diani. Wanakuja kunisikiza kama nimepata pesa ama niondoke." Mzee Chande, aliyekuwa ameshatoka nje, alisimama kusikiliza. "Nilikuwa niwapokee huko shambani, karibu na kaburi, waone haya kidogo. Lakini sasa nitawaleta hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako. Tutakaa na hao wageni wako, tule hiyo chakula. Na wakati huyo mama anakuvalisha bangili, na nyingine iko kwa mkono wa Hafsa, utasema mbele yao wote hiyo dhahabu ilitoka wapi. Ukishindwa, nitasema mimi. Mimi sijafundishwa kusema ni yako."

Maimuna alifungua mdomo. Alitaka kusema usije. Alitaka kusema nihurumie, mwanangu ana siku tatu tu kwa mumewe. Alitaka kusema maneno mengi, lakini lililotoka ni lile moja ambalo ulimi wake ulilizoea tangu utoto.

"Karibuni," akasema.